Nefertiti: Uso Uliofichuliwa Amarna

Tarehe 6 Desemba 1912, wachimbaji wa Kimisri waliokuwa wakifanya kazi chini ya Mjerumani Ludwig Borchardt huko Amarna, karibu na mto Nile, walifukua kifusini sanamu ya kichwa cha mwanamke. Kimo chake kilikaribia nusu mita. Ilikuwa ya jiwe la chokaa lililokandikwa jasi, na rangi zake zilikuwa bado zinang'aa. Jicho la kulia lilikuwa limetiwa fuwele. La kushoto lilikuwa tupu. Mwanamke huyo alikuwa Nefertiti, mke wa Farao Akhenaten, na hapo palikuwa karakana ya mchongaji Thutmose.

Katika karne ya 14 KK, Akhenaten aliiacha miungu ya kale, akamwabudu Aten, jua, na kumjengea mji mpya Amarna. Alipokufa, warithi wake waliirudia dini ya zamani na mji ukahamwa. Mafundi wakaondoka, sanamu ikabaki. Wataalamu wengi wanaona kwamba ilikuwa kielelezo cha karakana, cha kuwaongoza wachongaji kila walipotakiwa kumchonga malkia. Haikutengenezwa ili umati uitazame.

Januari 1913 vitu vilivyopatikana viligawanywa baina ya Misri na Wajerumani, kwa utaratibu wa wakati huo, na sanamu ikaangukia Berlin. James Simon, tajiri aliyegharamia uchimbaji, aliiweka nyumbani kwake, kisha mwaka 1920 akaikabidhi dola ya Prussia. Miaka yote hiyo watu wa kawaida hawakuifahamu.

Mambo yaligeuka mwaka 1922, mwanaakiolojia Howard Carter alipolifichua kaburi la Farao Tutankhamun. Magazeti ya Ulaya na Marekani yakajaa habari za Misri. Vito, nguo na majengo yakaiga mitindo yake. Sanamu ilipoonyeshwa hadharani Berlin mwaka 1924, ilikuta watu wana hamu. Shingo ndefu, taya lililochongoka na midomo iliyokolezwa rangi vililingana na urembo uliopendwa mijini wakati huo. Picha na nakala za plasta zikaenea.

Misri nayo ikaanza kuidai. Mwaka 1933 Hitler alikataa kuirudisha. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto ikafichwa katika mgodi wa chumvi wa Merkers, Wamarekani wakaikuta huko mwaka 1945, na mwaka 1956 ikarejea Berlin Magharibi. Tangu 2009 imo katika jumba la makumbusho la Neues Museum. Kila mzozo uliirudisha magazetini, na wasiowahi kufika Berlin wakaijua.

Sifa ya uzuri ni ya Thutmose. Umaarufu ulitokana na kaburi la mfalme mwingine, mitambo ya kuchapa picha na ugomvi wa mataifa mawili. Ugomvi huo haujaisha: Wamisri wangali wanaidai, na Ujerumani haijakubali kuiachia.