Mavazi ya Mwanamume na Heshima Yake

Ndugu msomaji, wapo wanaodhani kwamba habari za mavazi ni za wanawake na vijana, na kwamba mwalimu mkuu mstaafu, mwenye miaka sabini na kitu, angefaa kuandika juu ya mambo mazito zaidi. Lakini mimi nilizaliwa katika delta ya Rufiji, na huko nilijifunza mapema kwamba kofia inaweza kuwa jambo zito sana.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mkulima wa mpunga. Siku za kazi alivaa kaniki iliyopauka, akashinda dunguni akiamia ndege kama wenzake. Ijumaa ilipofika alitoa sandukuni kanzu nyeupe, iliyofuliwa kwa buluu na kunyooshwa kwa pasi ya mkaa, akavaa na makubadhi yake, akaenda msikitini kwa mwendo wa taratibu, kama mtu asiyedaiwa. Kofia, hata hivyo, hakuingojea Ijumaa. Aliivaa hata kwenda kisimani. Siku moja nilimwuliza sababu. Akanitazama, akasema, "Mjukuu wangu, baba yangu hakuivaa." Hakuongeza neno.

Jibu hilo nililielewa miaka ya sabini, nikiwa chuo cha ualimu. Katika pwani yetu ya karne ya 19, mavazi yalikuwa mpaka kati ya mwungwana na mtumwa. Mwungwana alivaa kanzu, kilemba au kofia, na viatu. Mwenye uwezo aliongeza joho na jambia. Mtumwa wa shamba alijifunga kipande cha merikani au kaniki kiunoni, na kufunika kichwa au kuvaa viatu mbele ya bwana wake kulihesabiwa kuwa utovu wa adabu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kitabu chake juu ya desturi za Waswahili kilichapishwa Ujerumani mwaka 1903, ameyaeleza maisha hayo ya waungwana na watumwa kwa lugha yetu wenyewe.

Nguo zenyewe zilitoka mbali. Merikani ililetwa na meli za Marekani, hasa kutoka bandari ya Salem, baada ya Sayyid Said kutia saini mkataba wa biashara na nchi hiyo mwaka 1833. Ilipimwa kwa mkono: mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti. Barani ilitumika kama fedha. Basi mtu aliyevaa nguo nyingi alikuwa amevaa mali, na aliyenyimwa nguo alikuwa amenyimwa nafasi yake miongoni mwa watu.

Utumwa haukuisha kwa siku moja. Mwaka 1904 Wajerumani walitangaza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Waliozaliwa kabla ya hapo, kama babu, walibaki. Ni mwaka 1922 tu, chini ya Waingereza, sheria ilipoufuta utumwa Tanganyika nzima. Lakini watu hawakuingojea sheria iwavike. Unguja, ambako amri ya kufuta utumwa ilitolewa mwaka 1897, wengi waliotoka utumwani walinunua kanzu na kofia mara walipopata fedha zao. Huku kwetu, watu waliokata boriti za mikoko kwa ajili ya majahazi ya Uarabuni walifanya vivyo hivyo. Wengi wao hawakuwa na hati ya uhuru ya kuonyesha njiani. Kofia ndiyo iliyokuwa hati yao.

Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya mwanamume kuvaa vizuri: anajitamkia mwenyewe thamani yake kabla ya wengine kumpangia. Faida ya pili niliiona kazini. Mkufunzi wetu alituambia kwamba mtoto humsoma mwalimu kabla ya kusoma ubao. Nilikuwa na mashati mawili tu, lakini sikuingia darasani na kola chafu, na naamini wanafunzi waliona kwamba nimewaheshimu. Faida ya tatu ni nidhamu: anayetenga muda wa kufua, kushona kifungo na kupiga pasi, hujifunza kutunza na mambo mengine.

Hata hivyo, sina budi kusimulia kosa langu. Ilikuwa mwaka 1982, nami ni mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi. Wasomaji wa rika langu wanaikumbuka miaka ile baada ya vita vya Kagera. Kitambaa kilipatikana kwa foleni na kwa majina. Asubuhi moja, mstarini, alisimama mvulana wa darasa la saba aliyevuka mto kwa mtumbwi, amejitanda kanga ya mama yake kifuani, maana shati lilikuwa limekwisha. Wenzake walicheka. Nami, nikiwa nimevaa suti yangu ya Kaunda, nikamwambia arudi nyumbani mpaka apate shati.

Hakurudi. Baada ya majuma matatu nilimfuata baba yake. Alinikaribisha mkekani, akanipa maji, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nawe tulipanga foleni duka moja. Wewe ulipata, mimi sikupata." Kijana alikuwa tayari ameingia mikokoni kukata boriti. Mtihani ulifanyika bila yeye.

Wala si mimi peke yangu niliyefanya nguo kuwa mlango wa kufungia watu. Kuanzia 1 Januari 1969, Umoja wa Vijana wa TANU ulipiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana katika Operesheni Vijana. Na miaka hiyohiyo Wamasai walishurutishwa kuacha lubega. Nia ilisemwa kuwa ni heshima ya taifa. Mwaka 1984 milango ya biashara ilipolegezwa na mitumba ikaja kwa wingi, hata mvuvi wa Nyamisati aliweza kununua shati zuri kwa bei ndogo. Mitumba tuliidharau, tukaiita kafa Ulaya, lakini iliwasitiri wengi.

Yule kijana sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu. Hukutana naye mara chache Kibiti, siku ya soko. Huvaa shati safi, lililonyooshwa, na kofia. Huniamkia shikamoo, nami huitikia marahaba. Hatujapata kulizungumza jambo lile.

Ndugu yangu mwanamume, vaa vizuri. Si lazima iwe nguo ya gharama, wala usiazime, kwa maana nguo ya kuazima haisitiri. Fua ulicho nacho, kinyooshe, ukivae kwa adabu. Ila ukimwona mwenzio amevaa kitambara, usiharakishe kumhukumu. Niliyemtoa mstarini nilimfanyia lile alilofanyiwa baba wa babu yangu, na nililifanya nikiwa nimevaa vizuri kuliko watu wote waliokuwapo pale.