"Intelligence" au "Abilities": Uteuzi wa Neno katika Mjadala wa Nairobi, 1932–1934

Wahakiki wa fasihi wamezoea kuyachunguza maneno ya watunzi na kuwaachia wanahistoria maneno ya matabibu na maafisa wa elimu. Mgawanyo huo una hasara yake. Mwaka 1932 yalichapishwa maandishi mawili ya mtu mmoja, R. A. C. Oliver, na tofauti ya anwani zake inastahili usomaji wa makini kama ule unaopewa ushairi.

Oliver alikuwa mwanasaikolojia aliyefika Afrika Mashariki kwa ufadhili wa Shirika la Carnegie la Marekani, lililoisaidia pia Shule ya Jeanes, iliyoanzishwa Kabete mwaka 1925 ili kuwafunza walimu Waafrika. Mahali hapo, kwenye barabara itokayo Westlands kwenda Lower Kabete, pana leo chuo cha serikali cha watumishi wa umma. Upande huohuo wa mji ilifunguliwa mwaka 1931 Shule ya Prince of Wales, ya wavulana wa Kizungu peke yao, ambayo sasa ni Nairobi School. Katika mazingira hayo ya elimu iliyogawanywa kwa rangi, swali la nani ana akili halikuwa la kinadharia. Lilihusu nani ajengewe shule, na ya kiwango gani.

Andiko mojawapo lilikuwa mtihani, uliotolewa na Mpiga Chapa wa Serikali kwa jina "General Intelligence Test for Africans". La pili lilikuwa makala katika jarida la matabibu wa Afrika Mashariki: "The Comparison of the Abilities of Races". Katika anwani ya kwanza nomino iko katika umoja, kama kwamba ni kitu kimoja kilichomo kichwani, kinachongoja kupimwa. Katika ya pili iko katika wingi. Aidha, "ability" humlazimisha msomaji kuuliza: uwezo wa kufanya nini? "Intelligence" haidai swali hilo. Si ajabu basi kwamba ni katika makala Oliver alipotahadharisha kuwa tofauti za alama baina ya Waafrika na Wazungu hazingeweza kuhesabiwa kuwa za kuzaliwa nazo maadamu malezi na masomo hayakuwa sawa.

Tahadhari ilibaki ndani ya makala. Neno la mtihani likasafiri. H. L. Gordon, daktari wa hospitali ya Mathari, aliyatumia matokeo ya Oliver kuunga mkono dai kwamba Mwafrika ana upungufu wa kimaumbile. Mwaka 1933 kiliundwa Nairobi chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari, na mwaka 1934 F. W. Vint akachapisha uchunguzi wake wa ubongo 100 wa Waafrika wa Kenya. Mwaka huohuo Gordon aliandika juu ya "amentia", istilahi ya kitabibu ya Kilatini kwa upungufu wa akili. Kwa neno hilo moja mjadala ulihamishwa kutoka darasani hadi wodini, ambako mwalimu hana la kusema. Serikali ya Uingereza haikukubali kuugharimia utafiti huo.

Kiswahili kingewapa taabu watu hawa. Methali yasema "akili ni nywele, kila mtu ana zake": zake, si yake. Mwanafunzi hodari ana akili, Abunuwasi ana akili, na sungura vilevile, ingawa ni wachache wangethubutu kusema sungura ana hekima. Mfasiri wa Kiingereza hulazimika kila mara kuchagua baina ya "clever", "cunning" na "wise", na ni nadra sana kumwita sungura "intelligent". Neno hilo la heshima huwekewa binadamu, na katika Nairobi ya 1932 hata si binadamu wote.

Utafiti wa Elena Grigorenko na wenzake miongoni mwa Wajaluo, uliochapishwa mwaka 2001, ulikuta maneno manne mahali ambapo Kiingereza hutosheka na moja: rieko, luoro, paro na winjo. Rieko ni maarifa na ustadi, ambao shule huweza kuutambua. Luoro ni heshima na adabu.