Kupanga upya mlinganyo

Kupanga upya mlinganyo (pia: kugeuza kanuni) ni kazi ya aljebra ya kuandika mlinganyo kwa sura nyingine ili herufi moja iliyochaguliwa ibaki peke yake upande mmoja wa alama ya usawa, na mengine yote yawe upande wa pili. Maana ya mlinganyo haibadiliki. Kinachobadilika ni swali ambalo mlinganyo unalijibu. Kanuni ya mwendokasi, v = d ÷ t, inamfaa anayejua umbali na muda. Abiria wa boti ya Unguja kwenda Dar es Salaam anayejua umbali na mwendokasi, na anataka kujua atafika saa ngapi, anahitaji kanuni hiyohiyo katika sura ya t = d ÷ v.

Katika shule za sekondari za Tanzania, Bara na Zanzibar, mada hii kwa miaka mingi imefundishwa katika Kidato cha Pili pamoja na vipeo na vipeuo. Wanafunzi wa fizikia na kemia huihitaji katika karibu kila sura ya vitabu vyao.

== Msingi ==

Mlinganyo hufanana na mizani ya sahani mbili iliyotulia. Mwenye duka akiongeza jiwe la nusu kilo upande mmoja, lazima aongeze jiwe kama hilo upande wa pili, la sivyo mizani italala. Vivyo hivyo, tendo lolote linalofanywa upande mmoja wa alama ya usawa (kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, kupandisha kipeo au kutafuta kipeuo) hufanywa pia upande wa pili, kwa upande mzima na si kwa kipande chake.

Madarasani husikika sana njia ya mkato: "ikivuka, inabadili alama." Kwa x + 7 = 12 njia hiyo huleta jibu sahihi, x = 12 − 7. Lakini anayeikariri bila kujua asili yake akikutana na 3x = 12 huandika x = 12 − 3, au x = 12 ÷ (−3), kwa kuwa 3 "imevuka". Hakuna kinachovuka. Katika mlinganyo wa kwanza 7 imetolewa pande zote mbili, na katika wa pili pande zote mbili zimegawanywa kwa 3. Afadhali mwanafunzi aandike mstari mmoja zaidi kwa kila hatua mpaka jambo hili liwe limemkaa.

== Mpangilio wa hatua ==

Ili kuiacha herufi peke yake, matendo yaliyoizunguka hutenguliwa kuanzia la mwisho kwenda la kwanza. Aliyevaa fulana kisha kanzu, huanza kuvua kanzu.

Mfano unaojulikana ni wa vipimo vya joto. Kanuni ya kupata Farenhaiti kutoka Selsiasi ni

F = 9C/5 + 32

Hapa C ilizidishwa kwa 9, ikagawanywa kwa 5, na mwisho ikajumlishwa 32. Kwa hiyo kwanza hutolewa 32 pande zote mbili: F − 32 = 9C/5. Kisha pande zote huzidishwa kwa 5 na kugawanywa kwa 9:

C = 5(F − 32)/9

Mabano hayo si pambo. Mzazi ambaye kipimajoto chake kinasoma Farenhaiti 104 atapata C = 5 × 72 ÷ 9 = 40, na homa ya nyuzi 40 ni ya kumkimbiza mtoto hospitali. Akiyasahau mabano na kuhesabu 5F/9 − 32, atapata takriban 25.8, joto ambalo mtu aliye hai na mzima hana. Jibu la ajabu namna hiyo ni ishara ya kurudi kwenye hatua. Njia ya uhakika zaidi ni kurudisha jibu katika mlinganyo wa mwanzo: 9 × 40 ÷ 5 + 32 = 104.

== Herufi inapotokea mara mbili ==

Ugumu wa kweli huanza pale herufi inayotafutwa ipo mahali zaidi ya pamoja. Mfano mzuri unapatikana Unguja yenyewe. Katika msikiti wa kale wa Kizimkazi, kusini mwa kisiwa, kuna maandishi ya hati ya Kufi yenye mwaka wa 500 wa Hijria. Kwa kuwa miaka 33 ya mwandamo inakaribia sana miaka 32 ya jua, mwaka wa Hijria (H) hugeuzwa kuwa mwaka wa Miladia (M) kwa makadirio haya:

M = H − H/33 + 622

Kwa H = 500 jibu ni 500 − 15.15 + 622, yaani karibu 1107, na ndio mwaka unaotajwa kwa maandishi hayo.

Mwanafunzi wa historia huweza kutaka kinyume chake: anao mwaka wa Miladia, anatafuta wa Hijria. Akianza kwa kutoa 622 atapata M − 622 = H − H/33, na hapo wengi hukwama, kwa sababu H ipo mara mbili. Wengine huandika H = M − 622 + H/33 na kudhani wamemaliza; lakini H ikiwa bado upande wa pili, haijaachwa peke yake. Dawa ni kutoa H nje kama kigawo cha shirika:

M − 622 = H(1 − 1/33) = 32H/33

Sasa H ipo mara moja tu, na pande zote huzidishwa kwa 33/32:

H = 33(M − 622)/32

Kwa mwaka 1873, ambao Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, jibu ni 33 × 1251 ÷ 32, yaani 1290. Kwa mwaka 1964 jibu ni 1383.9, na hapa uangalifu unahitajika. Anayekadiria kuwa 1384 atakosea tarehe ya Mapinduzi, kwani tarehe 12 Januari 1964 iliangukia Shaaban 1383. Mwaka 1384 ulianza Mei. Hesabu ya aljebra haina kosa, ila kanuni yenyewe ni ya makadirio na mwaka mmoja wa Miladia hugusa miaka miwili ya Hijria. Kugeuza kanuni hakuongezi usahihi ambao haikuwa nao.

== Vipeo na vipeuo ==

Ujazo wa tangi la maji la mviringo ni V = πr²h. Kupata nusu kipenyo, pande zote hugawanywa kwa πh, kisha hutafutwa kipeuo cha pili: r = √(V/πh). Tangi la lita 1,000 (mita 1 ya ujazo) lenye kimo cha mita 1.2 lina nusu kipenyo cha mita 0.52 hivi. Kipeuo cha pili huwa na majibu mawili, chanya na hasi. Hapa la hasi huachwa kwa kuwa hakuna urefu hasi.

Katika maabara, wanafunzi hupima muda wa bembea ya timazi, T = 2π√(l/g), ili wapate g. Pande zote hupandishwa kipeo cha pili kwanza, kuondoa alama ya kipeuo: T² = 4π²l/g. Kwa kuwa g iko kwenye asili ya sehemu, pande zote huzidishwa kwa g na kugawanywa kwa T²: g = 4π²l/T². Uzi wa mita 1 ukibembea mara 20 kwa sekunde 40.2, T ni 2.01 na g ni karibu 9.77.

== Historia ==

Jina la aljebra linatokana na kitabu cha Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Kichwa chake kilitaja matendo mawili: al-jabr, kuondoa kilichopunguzwa kwa kukiongeza pande zote, na al-muqabala, kufuta kilicho sawa pande zote. Yote mawili ni kupanga upya mlinganyo. Neno la pili Waswahili wanalo hadi leo, mkabala, kwa maana ya kuelekeana. Al-Khwarizmi aliandika kila kitu kwa maneno. Alama ya usawa ilitumiwa na Robert Recorde wa Wales mwaka 1557, na François Viète wa Ufaransa alianza mwaka 1591 kutumia herufi hata kwa namba zinazojulikana. Bila hatua hiyo ya Viète kusingekuwa na kanuni za kugeuza, bali hesabu mojamoja.

== Mipaka ==

Hairuhusiwi kugawanya kwa kitu kinachoweza kuwa sifuri bila kukitaja. Anayegawanya x² = 5x kwa x hupata x = 5 na kulipoteza jibu la pili, x = 0. Pia ipo milinganyo ambayo herufi yake haiwezi kuachwa peke yake kwa matendo ya kawaida. Mlinganyo wa Johannes Kepler wa mwendo wa sayari, M = E − e sin E, una E mara mbili, moja ikiwa ndani ya sini, na hakuna kigawo cha shirika cha kutoa nje. Thamani ya E hukadiriwa, ikarudishwa katika mlinganyo, na kusahihishwa tena na tena hadi tofauti iwe ndogo.