Damu yetu, hesabu ya nani? Historia fupi ya hakathoni za jenetiki



Huku Johannesburg niliko, ukitaja hakathoni watu hufikiria vijana wanaokesha na pizza wakitengeneza programu ya simu. Kumbe kwenye jenetiki ya magonjwa jambo hili lina historia inayotuhusu sana sisi wa Afrika Mashariki.

Tuanzie mbali kidogo. Anthony Allison alikulia Kenya, akasoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand (Wits) hapa Johannesburg, kisha Oxford. Mwaka 1949 alirudi Kenya kukusanya damu. Akaona jeni ya selimundu imejaa pwani na kando ya Ziwa Victoria, kwenye malaria, ila ni haba nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha hoja yake: aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Ugunduzi mkubwa, hakuna ubishi. Lakini jamani, waliotoa damu walibaki kuwa watoa damu tu. Kwa miaka mingi mtindo ukawa huo: sampuli zinapanda ndege, hesabu zinafanyika Ulaya na Marekani.

Sasa hakathoni. Neno lilianza 1999 kwa waandishi wa programu ya OpenBSD waliokutana Calgary, Kanada. Wataalamu wa bioinfomatiki wakaliiga haraka: mwaka 2002 walikutana Tucson, Marekani, kisha Cape Town. Kwa hiyo Afrika haikuchelewa. Ila wale walikuwa mafundi tayari. Wanafunzi walikuja baadaye.

Mpango wa H3Africa ulianza kupata fedha za Marekani (NIH) na Wellcome Trust ya Uingereza mwaka 2012. Mtandao wake wa bioinfomatiki, H3ABioNet, uliongozwa na Nicola Mulder kutoka Cape Town. Agosti 2016 ukaandaa hakathoni Pretoria, kama kilomita 55 tu kutoka hapa. Makundi yalikuwa manne, na moja lilishughulikia namna ya kutafuta uhusiano kati ya tofauti za jeni na ugonjwa. Cheti cha kuhudhuria hakikuwa hoja. Ilitakiwa programu inayokubali kwenye kompyuta ya chuo chochote na kutoa jibu lilelile. Kazi ya kundi hilo iliendelezwa Wits, ikajulikana kama H3AGWAS, ikatumika kwa data ya AWI-Gen: watu kama 12,000 wa Burkina Faso, Ghana, Kenya na Afrika Kusini. Wamo wakazi wa Soweto, na wa Korogocho na Viwandani, Nairobi.

Hebu tuone kijana anajifunza nini pale. Ukichukua wagonjwa wengi kutoka Soweto na wazima wengi kutoka Nairobi, kompyuta itakupa orodha ndefu ya jeni, nawe utashangilia. Kumbe umepima tofauti za asili za watu, ugonjwa hujaugusa! Mambo haya yamo vitabuni, lakini yanamwingia mtu vizuri pale daktari, mtakwimu na mwandishi wa programu wanapobishana mbele ya data moja, siku ya kukabidhi kazi ikikaribia. Darasani kila mmoja husoma fani yake peke yake.

Tatizo ni kinachofuata. Fedha za H3Africa zilikoma 2022. Mwaka 2025 Marekani ikakata misaada mingi ya utafiti hapa Afrika Kusini. Programu zipo, bure, yeyote anaweza kuzichukua. Ila kijana aliyefundika akirudi chuo kisicho na seva wala nafasi ya ajira, ndo huyo anahamia Boston. Zamani ilisafiri damu. Sasa itasafiri na akili.

Maoni yangu: vyuo vya Dar, Nairobi na Kampala vichangie vyenyewe hakathoni moja kila mwaka, hata ya watu 20, kwa data ya nyumbani. Gharama yake kubwa ni nauli, malazi na umeme usiokatika. Nasi tulioko nje tunao ujuzi wa kwenda kufundisha, na nauli hatukosi.

Nawasilisha.