Vitundu vya Ubongo: Kutoka Bicêtre hadi Katuba

Kiharusi kidogo mara nyingi hakiui papo hapo, na kwa sababu hiyo kilichelewa kueleweka. Mzee wa Katuba, hapa Lubumbashi, anaamka, anashindwa kufunga vifungo vya shati. Jioni mkono umerudi, jamaa wanasema ni uchovu, mambo yanaishia hapo. Hata madaktari, kwa zaidi ya karne moja, hawakuwa na njia ila kusubiri mgonjwa afe, kwa ugonjwa huo au mwingine, ndipo wapasue fuvu.

Hivyo ndivyo daktari Dechambre wa Paris alivyovieleza, mwaka 1838, vitundu vidogo, makovu ya viharusi hivyo, alivyovikuta ndani ya ubongo. Mwaka 1901 Pierre Marie, aliyetibu wazee katika hospitali ya Bicêtre, alivihusisha na mwendo wa hatua fupifupi na kupooza nusunusu kwa upande mmoja. Kisha habari ikalala. Aliyeiamsha ni Mkanada C. Miller Fisher, huko Boston. Mwaka 1965 alitangaza kwamba kati ya bongo 1,042 alizochunguza, 114 zilikuwa na vitundu, jumla 376. Baadaye, kwa subira ya ajabu, alikata ubongo vipande vyembamba mfululizo, akifuata mshipa usiofika upana wa nusu milimita mpaka pale ulipoziba. Alikuta ukuta wa mshipa umenenepa na kuoza. Karibu wagonjwa wake wote walikuwa na shinikizo la damu.

Kwetu Afrika, habari hiyo ilipokuwa imelala, iliaminika kwamba Mwafrika hana tansio, yaani shinikizo la damu. Mwaka 1929 daktari Donnison alichapisha vipimo vya Waafrika wapatao 1,000 wa magharibi mwa Kenya, akasema shinikizo lao halipandi na umri. Pengine kwa watu wale, kwa chakula kile, hakukosea. Waliokosea ni waliolichukua neno lake kama la milele. Utafiti wa Tanzania wa 2003 hadi 2006, baada ya kusawazisha umri, ulikuta viharusi vipya takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka wilayani Hai, na 316 Dar es Salaam. Mji ndio uliozidi. Nasi Lubumbashi tu watu wa mji tangu 1910, mji uliojengwa kwa ajili ya shaba.

Kumwona mgonjwa ndani akiwa hai kulianzia Afrika kwa sehemu. Mwanafizikia Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza mahesabu yake ya picha za eksirei mwaka 1956 akifanya kazi hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mwingereza Godfrey Hounsfield ndiye aliyetengeneza skana ya eksirei, na mgonjwa wa kwanza akapigwa picha London tarehe 1 Oktoba 1971. Wawili hao waligawana Nobeli mwaka 1979.

Skana hutambua damu iliyomwagika, na hilo si dogo, maana aspirini inayomfaa aliyeziba mshipa inaweza kumdhuru anayevuja damu. Lakini vitundu vibichi huikwepa. Mitaani jibu la "hamna kitu" husherehekewa, mimi huliogopa. IRM, picha ya sumaku, ndiyo inayoviona. Chembe za ubongo zikikosa damu huvimba, maji yanakosa nafasi ya kutembea, na mashine inasoma kukwama huko: kitundu cha leo hung'aa, cha mwaka jana haking'ai. Hapo ndipo chanzo huanza kujulikana. Alama moja ndani kabisa humwelekeza daktari kwenye mshipa mdogo. Alama kadhaa zilizotawanyika pande zote humpeleka kwenye moyo unaorusha madonge ya damu.

Halafu kuna watoto wa SS, yaani wenye selimundu, ambao Katanga inawajua vizuri. Hao huweza kupata vitundu bila kupooza wala kulalamika. Mwalimu ndiye anayeona hesabu zinawashinda. Wenzetu wa hospitali ya Muhimbili, Tanzania, wamewapiga picha watoto kama hao na kuvikuta.

Sumaku ya IRM ya kawaida imejaa nyaya zilizofunikwa shaba, madini yetu. Lakini kulala ndani yake ni kwa mwenye kulipa, na umeme ukikubali. Mwaka 2022, Mbarara, Uganda, wahandisi wa huko na wenzao wa Leiden waliunganisha IRM ndogo papo hapo, yenye takriban tesla 0.05 badala ya 1.5. Inafaa kwa watoto wenye maji kichwani. Kitundu cha milimita tano bado ni kigumu kwake, na Katuba kazi ya kuzuia vitundu ingali juu ya mpira wa kupimia tansio.