Obadia kwenye Stesheni ya Likasi

Kitabu cha Obadia ndicho kifupi kuliko vyote katika Biblia ya Kiebrania: sura moja, aya 21. Wengi hukiruka bila kujua, wakimtafuta Yona. Lakini mtu aliyeishi Kikula, mtaa wa mji wa Likasi huko Katanga, Kongo, mwaka 1992 akikisoma, atadhani kinasimulia mtaa wake.

Nabii anaishitaki Edomu, uzao wa Esau, pacha wa Yakobo. Wataalamu wengi huhusisha kosa hilo na kuanguka kwa Yerusalemu mbele ya Wababeli, 587 au 586 kabla ya Kristo. Mashitaka yanataja mambo waziwazi: ndugu alisimama kando akitazama, akaingia langoni akabeba mali, akajipanga njia panda kuwanasa waliokimbia.

Waluba wa Kasai na wa Katanga nao hujihesabu kuwa wa asili moja. Wa Kasai waliletwa na Wabelgiji kufanya kazi kwenye migodi ya Union Minière na kwenye reli, iliyofika Ilebo mwaka 1928. Wajukuu wao walizaliwa Likasi, na wengi hawakuwahi kuiona Kasai.

Tarehe 15 Agosti 1992, Mkutano wa Taifa mjini Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, Mkasai, awe waziri mkuu badala ya Nguza Karl-i-Bond wa Katanga. Gavana wa Katanga, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, naye Mluba wa huko, alikuwa akiwaita Wakasai bilulu, yaani wadudu. Vijana wa UFERI, chama cha Nguza na Kyungu, wakapita nyumba kwa nyumba wakifukuza watu, wakipora na kuchoma.

Wakimbilie wapi? Torati ilitenga miji sita ya kumsitiri aliyeua bila kukusudia. Hawa hawakuwa wameua mtu, na kimbilio lao likawa madarasa ya shule na stesheni ya treni. Maelfu walilala hapo na vyombo vyao, wengine kwa miezi, wakingoja mabehewa ya kwenda Mwene-Ditu na Kananga. Surua na kuhara viliua watoto kabla treni haijafika, na wengine wakafia njiani.

Obadia anaahidi kwamba tendo la mtu litamrudia kichwani. Katanga mambo yalikwenda kwa njia yake: mwaka 2019 Rais Félix Tshisekedi, mwana wa Étienne, alimteua Kyungu kuwa mwenyekiti wa bodi ya SNCC, shirika la reli lenyewe.