Giaboksi za magari: Aina tatu na matumizi yake milimani

PIKAPU zinazobeba miraa kutoka Kangeta, Kaunti ya Meru, hadi Nairobi husafiri zaidi ya kilomita 250 zikishindana na wakati, kwani miraa hupoteza ubora wake baada ya takriban saa 48. Njia inayopitia Chuka na Embu ina miteremko mikali, ukiwemo ule wa Daraja la Nithi ambako basi lilitumbukia Julai 24, 2022 na watu zaidi ya 30 wakafariki. Katika barabara ya namna hiyo, dereva hana budi kuifahamu giaboksi ya gari lake kama anavyozifahamu breki.

Giaboksi hupeleka nguvu za injini kwenye magurudumu. Gia ya chini huongeza nguvu na kupunguza kasi, ilhali ya juu hufanya kinyume.

Gia za mkono
Dereva hukanyaga klachi kuitenganisha injini na giaboksi, akabadilisha gia kwa mkono, kisha akaiachia. Muundo wake ni sahili na hustahimili mizigo, ndiposa hupendwa katika pikapu za kazi. Hata hivyo, klachi huchakaa upesi iwapo dereva atazoea kulizuia gari mlimani kwa klachi badala ya breki.

Otomatiki
General Motors ya Marekani iliitoa Hydra-Matic mwaka 1939 katika magari ya Oldsmobile. Katika mfumo huu hakuna pedali ya klachi. Nguvu za injini hupitia katika mafuta, na shinikizo la mafuta hayo hubadilisha gia. Aina nyingine, CVT, haina gia maalumu, bali mkanda wa chuma unaozunguka baina ya puli mbili. Magari mengi madogo yanayoagizwa kutoka Japani hutumia CVT. Yote huharibika yakitiwa mafuta yasiyofaa.

Klachi mbili
Klachi moja hushughulikia gia za 1, 3 na 5, nyingine za 2, 4 na 6. Gari likiwa katika gia ya 2, ya 3 huwa tayari, hivyo mabadiliko hufanyika kufumba na kufumbua. Volkswagen iliitumia katika Golf R32 mwaka 2003, na Honda katika Fit ya haibridi mwaka 2013. Zenye klachi kavu hupata joto jingi gari linapotambaa mlimani au katika msongamano.

Kushuka mteremko
Kwa aina zote, gia ya chini huingizwa kabla ya kuanza kushuka, ili injini isaidie kulizuia gari. Katika otomatiki hutumiwa alama kama L, 2, S au B, kulingana na gari. Kuweka fri kwa nia ya kuokoa mafuta ni hatari tupu: uzito wote huzielemea breki, nazo zikipata joto kupita kiasi hushindwa kushika. Isitoshe, injini nyingi za kisasa hukata mafuta zenyewe gari linaposhuka likiwa katika gia.

Leseni nayo huzingatia giaboksi. Kwa mujibu wa kanuni za Kenya za mwaka 2020, B1 ni ya magari madogo ya otomatiki pekee, ilhali B2 hujumuisha ya gia za mkono. Kijana anayetamani kushika usukani wa pikapu ya miraa aliulize hilo kabla ya kulipa karo ya mafunzo.